UPENDO WA KRISTO UNATUBANA

Mazungumzo ya ibada redioni

  Kama unayo Biblia karibu nawe, tafadhali ifungue katika Waraka wa Pili wa Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 5, mstari wa 14 na wa 15. Kama huna, usisumbuke. Sikiliza tu, nasi tutakwenda pole pole mpaka tuelewane.

Leo nataka tulifikiri swali moja. Swali hilo si, “Wewe unafanya nini?” Watu wengi wanaweza kulijibu hilo bila shida. Mmoja atasema, “Mimi naimba kwaya.” Mwingine atasema, “Mimi ni mzee wa kanisa, huu ni mwaka wa kumi.” Mwingine atasema, “Mimi natoa zaka, na ugomvi sitaki.” Vema. Lakini swali letu la leo ni hili: unafanya hayo kwa sababu gani? Ni nini kinachokusukuma?

Nitoe mfano. Mama mmoja kijijini ameugua. Juma hilo hilo wanawake watatu wa kanisa lake wanakuja kumwona, kila mmoja na uji wake. Wa kwanza amekuja kwa kuwa anaogopa kusemwa. Jina lake limo katika kamati ya kina mama, na asipoonekana watu watauliza. Wa pili amekuja kwa kuwa anahesabu. Anajua ya kwamba siku moja naye atalala kitandani, na angependa wengine wamlipe. Wa tatu amekuja kwa kuwa tangu aliposikia habari, chakula hakikupita kooni. Anampenda yule mama. Je, uji una tofauti gani? Hauna. Unga ni ule ule na sukari ni ile ile. Ukiwa umesimama nje ya mlango, huwezi kuwatofautisha wanawake hawa watatu. Lakini nawaambieni, mgonjwa aliye kitandani anajua. Na Mungu anajua.

Ndiyo maana katika 1 Wakorintho 13 Mtume Paulo anasema neno linaloweza kutushtua. Anasema mtu anaweza kugawa mali yake yote kwa maskini, hata na mwili wake kuutoa uteketezwe, na bado asiwe amepata faida yoyote mbele za Mungu, ikiwa upendo haukuwamo. Fikiri, ndugu yangu! Tendo kubwa namna hiyo, na ndani yake ni tupu kama gunzi lililokwisha kupukuchwa mahindi.

Basi tumtazame Paulo mwenyewe, kwa maana yeye alipitia pande zote mbili. Watu wengine hudhani ya kwamba kabla ya kukutana na Yesu, Paulo alikuwa mtu asiyejali dini. Sivyo hata kidogo. Soma Wafilipi 3. Alikuwa Farisayo, mwenye bidii kuliko wenzake, mtu wa kuishika sheria mpaka watu wasiweze kumlaumu. Safari alikuwa akizifanya hata wakati ule. Alikwenda Dameski kwa miguu yake mwenyewe kwa ajili ya dini. Lakini alikuwa akienda kuwafunga watu.

Baadaye tunamwona tena njiani. Anatembea tena, anachoka tena, anakosa usingizi tena, tena kwa bidii ile ile. Basi kilichobadilika ni nini? Kilichobadilika ni ile nguvu inayomsukuma. Zamani alisukumwa na fahari ya kuwa mtu wa haki. Sasa, katika mlango huu wa 5 tuliofungua, anasema kuna kitu kingine kimemshika, nacho ni upendo wa Kristo.

Naomba tulitazame neno hilo kwa makini. Katika lugha ya Kiyunani, ambayo Paulo aliiandika, neno alilolitumia lina maana ya kushika kwa nguvu, kubana kutoka pande zote, kumzunguka mtu asiwe na njia nyingine ila moja. Luka naye amelitumia neno hilo hilo katika Injili yake. Katika Luka 8:45 analitumia kwa habari ya makutano waliomsonga Yesu njiani siku ile mwanamke mmoja alipoligusa vazi lake. Umewahi kufika katika kituo cha mabasi mjini Nairobi siku chache kabla ya Krismasi, kila mtu akitaka kurudi kwao? Basi hapo unajua kusongwa ni nini. Watu wanakubeba. Wanakokwenda ndiko uendako.

Tena katika Luka 4:38 analitumia neno hilo kwa habari ya mkwewe Simoni Petro, aliyekuwa ameshikwa na homa kali. Ninyi wa Kisumu, na wa pwani, na wa kila mahali penye mbu, hamhitaji kuelezwa homa ni nini. Mtu aliyeshikwa na malaria hana haja ya kutangaza. Mwili wote unatetemeka. Akiketi iko, akilala iko. Haimshiki mkono ikauacha mguu.

Paulo asema upendo wa Kristo umemshika hivyo. Umemzunguka kama watu wengi njiani, umemwingia kama homa katika mifupa. Na kwa nini? Anaeleza mwenyewe: kwa sababu ameona ya kwamba mmoja alikufa kwa ajili ya wote, na tangu hapo hawezi kuendelea kuishi kwa ajili ya nafsi yake, kana kwamba jambo hilo halikutokea.

Hapa pengine msikilizaji mmoja atauliza, “Je, hiyo si kulazimishwa? Kama nimebanwa, uhuru wangu uko wapi?” Ni swali zuri. Lakini ziko nguvu za namna mbili. Fimbo humsukuma mtu kutoka nje. Inapoondoka, naye husimama. Upendo humsukuma kutoka ndani. Mama aamkaye saa nane za usiku kwa sababu mtoto analia, amelazimishwa na nani? Hakuna askari mlangoni. Hakuna mshahara mwisho wa mwezi. Lakini mwambie alale, uone kama atalala! Na ukimwambia kwamba yeye ni mtumwa atakushangaa. Hivyo ndivyo upendo ufanyavyo kazi. Humbana mtu, na mtu huyo hujiona yuko huru.

Sasa upendo huu unatoka wapi? Hapa Wakristo wengi tunapotea njia. Tukisikia mahubiri kama haya, tunarudi nyumbani tumekaza meno: “Kuanzia leo nitapenda! Nitampenda hata yule jirani!” Siku ya Jumatatu tunajaribu. Siku ya Jumanne kuku wa jirani wameingia katika shamba la sukuma wiki, na upendo umekwisha.

Fikirini tanki la maji ya mvua, kama yale yaliyo kando ya shule nyingi kule Ukambani. Tanki halitengenezi maji. Unaweza kulipaka rangi nzuri, unaweza kuandika jina lake kwa herufi kubwa, unaweza hata kuliweka mfereji mpya wa shaba. Kama hakuna kilichoingia kutoka juu, hakuna kitakachotoka chini. Kazi ya tanki ni kupokea. Likiisha kupokea, ndipo watoto wanywe.

Ndivyo ilivyo kwetu. Warumi 5:5 yasema upendo wa Mungu umemiminwa mioyoni mwetu kwa Roho Mtakatifu. Umemiminwa kama mvua, hatukuuchimba sisi. Na mistari michache mbele yake Paulo anaeleza ni lini Mungu alipotupenda: wakati tulipokuwa bado wenye dhambi. Hakungoja tujisafishe. Mtume Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 4, anaweka jambo hili kwa utaratibu ambao haupinduki: Mungu ndiye aliyeanza, sisi twafuata nyuma. Mtu akiugeuza utaratibu huo, akafikiri kwamba yeye ndiye wa kuanza kupenda ili Mungu naye ampende, atachoka sana katika dini, na wote waishio naye nyumbani watachoka pamoja naye.

Basi upendo huo ukiisha kuingia hufanya nini? Nitataja mambo matatu.

Jambo la kwanza: unaondoa utumwa. Mnakumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Luka 15, wa baba aliyekuwa na wana wawili. Tumezoea kumsema yule mdogo aliyekula mali na makahaba. Lakini mtazameni leo yule mkubwa. Hakuondoka nyumbani. Hakupoteza hata shilingi. Kila siku alikuwa shambani. Kama angekuwa katika makanisa yetu tungemchagua kuwa mweka hazina. Lakini siku ndugu yake aliporudi, na ngoma ikasikika, yaliyokuwa moyoni mwake yakatoka nje. Akaanza kumhesabia baba yake miaka yote aliyomtumikia, na mbuzi asiyepewa. Kumbe muda huo wote alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa baba yake kama kibarua, akingoja malipo! Alikuwa karibu na mali ya baba, lakini mbali na moyo wa baba.

Ndugu mpendwa, hebu jipime hapo. Mtu mwingine asiyekuwa na miaka mingi kanisani kama wewe akibarikiwa, wewe unafurahi au unahesabu? Anapochaguliwa mwingine, unamwombea au unahama kanisa? Mtumishi hushindana na watumishi wenzake, kwa maana mshahara ni mmoja na watu ni wengi. Lakini mtoto ajuaye ya kuwa anapendwa hana haja ya kuhesabu mbuzi. Vyote vya baba ni vyake.

Jambo la pili: upendo wa Kristo unaondoa njaa ya kusifiwa. Katika nchi yetu tunajua sana kutoa mbele ya watu. Siku ya harambee majina husomwa kwa kipaza sauti, na kila jina na kiasi chake. Mimi sisemi harambee ni mbaya. Shule zetu nyingi na zahanati nyingi zimejengwa kwa njia hiyo. Lakini ni vizuri mtu ajiulize: kama kipaza sauti kingeharibika asubuhi hiyo, je, ningetoa kiasi kile kile? Wazee wetu walisema, “Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.” Na Bwana Yesu, katika Mathayo 6, alituonya juu ya wale wapigao baragumu wanapotoa. Alisema hao wamekwisha kulipwa. Walitaka kuonekana, wakaonekana. Hesabu imefungwa.

Nataka kuwakumbusha habari ya mtu mmoja katika historia ya nchi yetu. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa. Katika mwaka huo huo alimzika mke wake, Rosine, na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na pamoja wakaanza kazi Rabai, katika nchi ya Wamijikenda. Mwaka 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Alipoandika habari hiyo, wataalamu wengine wa Ulaya walimkataa, wakisema hakuna theluji karibu na ikweta. Basi hata sifa ya kuona mlima hakuipata kwa urahisi.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake. Rebmann akabaki. Alibaki mpaka mwaka 1875, yaani miaka 29 tangu alipofika. Mke wake alikufa. Macho yake yakafifia mpaka akawa kipofu. Waumini walikuwa wachache sana, na hapakuwa na mkutano mkubwa wa kuandikwa habari zake. Yeye akaendelea kuandika kamusi za lugha za Kiafrika, neno moja baada ya jingine. Aliporudi kwao hakuishi sana. Alifariki mwaka 1876.

Rebmann hakuwa malaika. Alikuwa mwanadamu mwenye udhaifu wake, na kuupima moyo wa mtu ni kazi ya Mungu peke yake. Lakini hebu fikiri: mtu anayetafuta sifa hukaa miaka 29 mahali asipozipata? Mwenye kutafuta faida hukaa mahali penye hasara mpaka macho yanakwisha? Kuna kitu kilichomshika. Na leo watu huenda Rabai kutazama mahali walipoanzia, na mamilioni ya Wakristo wako katika nchi hii. Yeye hakuwaona. Yamkini na wewe unafundisha watoto wa shule ya Jumapili, watoto tisa tu, chini ya mti, na hakuna aliyewahi kukushukuru. Usivunjike moyo. Uulize tu moyo wako ni nani anayekusukuma, kisha uendelee.

Jambo la tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote: upendo wa Kristo unatuwezesha kumpenda adui.

Wengi wenu, hasa wenye umri, mnamkumbuka Askofu Festo Kivengere wa Uganda, ambaye alihubiri sana hata hapa Kenya. Mwaka 1977 Uganda ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin. Mwezi wa Februari mwaka huo maaskofu waliandika barua ya kulalamika juu ya mauaji na mateso ya wananchi. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari, lakini watu hawakuamini. Askofu Kivengere naye alikuwa hatarini. Yeye na mkewe walitoroka usiku kwa njia ya milimani, wakavuka mpaka na kuingia Rwanda.

Alikuwa amepona, lakini baadaye alieleza wazi ya kwamba alitoka na kitu kingine ndani yake: uchungu. Kila alipomfikiria Amin, moyo wake ulizidi kuwa mgumu. Na nani angemlaumu? Rafiki yake ameuawa. Watu wake wanalia. Ndipo siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo huo, akiwa katika ibada mjini London, akasikia habari ya Yesu msalabani akiwaombea waliokuwa wakimsulibisha. Hapo Roho Mtakatifu akamgusa. Akaona ya kwamba kama Bwana wake aliwaombea wale waliokuwa wameshika misumari, basi yeye hawezi kumweka Amin nje ya maombi hayo. Akatubu chuki yake. Mwaka huo akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake liliwashangaza watu wengi ulimwenguni, kwa maana lilisema kwamba yeye anampenda Idi Amin.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapokosa kuelewa. Kumpenda Amin hakukuwa na maana ya kusema Amin hakufanya kitu. Askofu Kivengere hakunyamaza. Aliendelea kueleza mateso ya watu wake, akawasaidia wakimbizi, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1979 alirudi Uganda kufanya kazi ya kujenga upya, mpaka alipofariki mwaka 1988. Upendo haukumfanya aseme uongo. Ulimfanya aseme kweli bila sumu. Upendo haukuiondoa haki. Uliondoa kisasi.

Naona ni lazima niseme hili polepole, kwa kuwa najua hapo ulipo pengine adui yako hayuko ikulu. Adui yako amezaliwa tumbo moja nawe. Baba alifariki, shamba likabaki, na mpaka wa shamba ukahamishwa usiku. Sasa ni mwaka wa saba hamsalimiani. Watoto wenu wanapita njia moja kwenda shule na wamekatazwa kucheza pamoja. Mama yenu mzee anakaa katikati, na kila sikukuu anapika chakula kingi, akitumaini kwamba safari hii mtakuja wote wawili.

Je, Neno la Mungu linakuambia nini? Halikuambii kwamba kuibiwa shamba ni jambo dogo. Si dhambi kwenda kwa wazee, wala kwa chifu, wala mahakamani, ili haki ijulikane. Hali kadhalika, mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe na mtu yeyote kwamba upendo ni kunyamaza mpaka auawe. Aende mahali pa usalama, naye kanisa limsaidie. Lakini Neno linauliza swali lile lile la leo: ni nini kinachokusukuma? Unataka haki, au unataka kumwona ndugu yako akilala njaa? Ukishinda kesi leo, moyo wako utapumzika, au utaanza kutafuta kesi nyingine? Kwa maana chuki haishibi. Inakula shamba la ndugu yako, kisha inakula lako, kisha inakula usingizi wako.

Pengine unasema, “Mhubiri, nimesikia. Lakini nikimtazama moyoni sina upendo hata tone moja. Nifanyeje?” Asante kwa kusema kweli. Afadhali mtu anayejua kuwa tanki lake ni tupu kuliko yule anayeligonga na kusema limejaa. Nakupa mashauri matatu.

La kwanza, acha kumtazama adui yako kwa muda, umtazame Kristo. Usianze kwa kutafuta kitu cha kupendeza ndani ya ndugu yako. Huenda usikione upesi. Anza na msalaba. Soma habari ya mateso ya Bwana, labda katika Luka 22 na 23, siku saba mfululizo, jioni kabla ya kulala. Na kila mara jiambie, “Hili lilifanywa kwa ajili yangu, nilipokuwa sistahili.” Ukisimama muda mrefu chini ya mvua hiyo hutabaki mkavu.

La pili, mwombee mtu huyo kwa jina lake. Usiombe Mungu amkomeshe. Omba Mungu ambariki. Siku ya kwanza maneno yatakwama kooni kama kidonge kichungu. Si neno, yaseme tu. Ni vigumu sana kuendelea kumchukia mtu unayempeleka mbele za Mungu kila siku.

La tatu, fanya tendo moja dogo. Usingoje mpaka usikie joto moyoni. Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 3, anatuonya tusipende kwa maneno matupu, bali kwa matendo. Msalimie njiani. Mtoto wake akiugua, tuma salamu. Watoto waachie wacheze pamoja, maana wao hawakuhamisha mpaka wowote. Tendo dogo linalofanywa kwa ajili ya Kristo hufungua mlango ambao mapatano makubwa ya wazee yameshindwa kuufungua. Na kama yeye hatakujibu, hujapoteza kitu. Hukufanya ili ujibiwe. Umekwisha kupendwa tayari.

Wapenzi wasikilizaji, huenda kesho utafanya kazi ile ile uliyoifanya leo. Utakama ng'ombe wale wale, utafagia ofisi ile ile, utafundisha darasa lile lile, utampikia mume yule yule. Mungu hatakubadilishia kazi. Lakini anaweza kukubadilishia sababu. Na sababu ikibadilika, mkono nao hubadilika, sauti nayo hubadilika, na watu wa nyumbani mwako watakuwa wa kwanza kujua. Hawatahitaji kuambiwa kwamba umeokoka. Wataona, kama vile watu waonavyo homa kwa mtu aliyeshikwa nayo.

Nawe usiyemjua Kristo bado, usidhani kwamba nimekuita leo uanze kazi ngumu ya kuwa mwema. Nimekuita upokee. Yeye alikufa kwa ajili ya wote, na katika neno hilo “wote” jina lako limo. Mwambie tu pale ulipo, kwa lugha ya mama yako, kwamba unataka kuingia.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, wewe ulitupenda sisi tulipokuwa hatufai. Tusamehe kwa kazi nyingi tulizofanya bila upendo: sadaka tulizotoa ili tuonekane, na huduma tuliyoifanya huku tukihesabu. Mimina upendo wako ndani yetu kwa Roho wako Mtakatifu. Wakumbuke ndugu wasiosalimiana usiku huu, na mama zao wanaolia kwa siri. Wape nguvu wale walioonewa, wapate haki bila kupoteza mioyo yao. Utubane kwa upendo wa Mwana wako, hata tusiwe na njia nyingine ila ile ya kuishi kwa ajili yake. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.